Mikono ya Sirawi

Kitabu kilitufikia bila jalada,
kikinuka mafuta ya taa na gunia la mbaazi.
Kurasa za mwisho zilikwisha nyofolewa:
mtu kafungia karanga, au kawashia jiko,
wala hakuna aliyeungama.
Tukamwacha Sirawi ukurasa wa mia mbili na sita,
mguu mmoja juu ya shingo ya joka,
mkuki umekatika,
na sentensi imeishia kwenye neno *lakini*.

Miaka kumi na minane tumelala na neno hilo,
mimi na Somoe,
tuliosoma kwa zamu nyuma ya choo cha shule, kurasa tano tano,
tukigombana nani apate sura yenye vita.

Sasa mimi napiga pasipoti saizi karibu na stendi ya Masasi.
Kitambaa cha buluu, stuli, kioo, kitana cha wote.
Nyanyua kidevu. Funga mdomo. Usicheke.
Nusu ya wanawake wa wilaya hii
nimewakataza kucheka kwa shilingi elfu tatu.

Somoe anabangua korosho.
Mafuta ya ganda yamemla vidole,
vyeusi, vinang'aa kama vimepakwa lami,
na mistari yake imefutika.
Alipokwenda kuandikisha kitambulisho
mashine ilimkataa mara tatu.
Yule kijana akafuta kioo kwa shati, akajaribu tena,
akasema, "Mama, wewe huna vidole."

Jumapili moja akaingia studio, akafunga mlango kwa ndani.
"Unakumbuka Sirawi alipoushika moyo wa joka?
Damu ikamwunguza, mikono ikawa myeusi hadi kwenye kiwiko,
na tangu siku ile hakuna kufuli lililomzuia?"
Akailaza mikono yake juu ya albamu ya maharusi.
"Mimi sihitaji kujipaka rangi."

Deraya tuliishona kwa malapa yaliyokata kanda
tukaipaka masalia ya rangi ya geti kutoka kwa fundi Chilumba.
Mabega ni madumu ya dawa ya mikorosho, yamepasuliwa kati.
Mkuki ni mpini wa jembe, tumeuvunja makusudi,
maana wa Sirawi ulivunjika
na Somoe hataki uongo.
Mama yake alituona tukitoka, akauliza arusi ni ya nani.

Tukapanda Mtandi kabla mawe hayajashika moto.
Picha ishirini za kwanza ni hasara tupu:
kofia imeporomoka, jua limenipofua,
moja ina mbuzi.
Watoto wa chini wakapiga kelele, "Mchawi! Mchawi!"
Somoe akageuka taratibu, akawanyooshea ule mkono
mashine isiousoma.
Wakanyamaza. Kisha mmoja, kasichana chenye sare iliyochanika kwapa,
kakauliza kwa sauti ndogo:
"Na mimi naweza kushika mkuki?"

Hapo ndipo nilipobonyeza.
Somoe yumo katikati ya kuinama, mdomo wazi,
meno yote nje, anacheka
kama mtu asiyewahi kukaa kwenye stuli yangu.
Nyuma yake jabali, jeusi kuliko ngozi ya joka,
na mguu wake, sikumpanga, Mungu shahidi,
umekanyaga palepale penye shingo.

Nimeitundika ukutani, kubwa, katikati ya nyuso zilizofunga midomo.
Wabanguaji wenzake wanakuja kuitazama saa ya chakula.
Wananusa wino, wanalinganisha vidole.
Juzi Bi Asumini, mwenye wajukuu tisa na goti bovu,
alisimama mbele yake mpaka chai yake ikapoa.
Nikamwambia deraya tunaweza kuilegeza, itamtosha.

Akanikata jicho.
"Nani kakwambia nataka deraya? Huyo binti ni wenu.
Mimi nishonee mkia.
Joka lenu halijakufa. Mlichana kurasa, hamkujua?"
Akamalizia chai yake baridi.
"Lakini," akasema,
na kengele ya kiwanda ikamwita.